Ratiba ya usingizi katika familia

Ratiba ya usingizi katika familia ni mfuatano wa shughuli za jioni na asubuhi unaorudiwa kila siku ili watu wa nyumba moja walale na kuamka kwa saa zilezile. Umuhimu wake huonekana hasa mambo ya kawaida yanapovurugika: shule zinapofungwa, familia inapohama, nyumba inapofiwa au kuuguza.

Saa ya mwili

Mwili una saa yake ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo hipothalamasi. Saa hiyo hurekebishwa zaidi na mwanga. Giza likiingia, tezi ya pineali hutoa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba usiku umefika. Mwanga mkali huizuia. Wasiwasi nao huuweka mwili katika hali ya tahadhari, na usingizi ukachelewa. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo mwanga wa asubuhi hubaki kipimo cha kuaminika hata kengele ya shule inaponyamaza.

Mahitaji kwa umri

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 huhitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Mtu mzima huhitaji saa 7 au zaidi.

Mfano wa 2020

Machi 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, shule zilifungwa Kenya, Tanzania na Uganda. Tanzania ilizifungua zote kufikia mwisho wa Juni. Uganda ilizifungua kikamilifu Januari 2022. Nchini Kenya kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtoto aliyezoea kuamka gizani awahi gari la shule aliweza sasa kulala hadi saa nne asubuhi, akajilaza tena mchana, na saa tano usiku akawa bado macho makavu.

Vipengele vya ratiba

Nguzo ya ratiba ni saa ya kuamka. Mtu hawezi kujilazimisha kusinzia, lakini anaweza kuamshwa, akatoka uani kwenye mwanga. Jioni, mfuatano una uzito kuliko dakika: kuoga, kula, kupiga mswaki, kuchomeka chandarua chini ya godoro, kupunguza taa, kisha hadithi. Mtoto anayeitikia “Pakawa!” kila usiku akiwa kitandani hujifunza kwamba kinachofuata ni usingizi. Simu huwekwa mbali. Chai ya rangi na kahawa huishia mchana, kwa kuwa kafeini hukaa mwilini saa kadhaa. Katika nyumba ya chumba kimoja, wakubwa hupunguza sauti ya redio na kutenga kona ya watoto kwa pazia.

Ratiba inaweza kusogezwa bila kuvunjwa. Mwezi wa Ramadhani, familia za Kiislamu huhamisha chakula kwenda futari na daku, na usiku huongezewa tarawehe. Watoto hufuata kwa sababu nyumba nzima imehama pamoja.

Mipaka

Ratiba haitibu maradhi. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, au anayekosa usingizi mara 3 kwa wiki kwa miezi 3, anapaswa kumwona daktari.