Paja la Nguruwe la Noeli katika Manika: Reli, Umeme na Meza ya Sikukuu

Manika ni komini inayounda mji wa Kolwezi pamoja na Dilala, katika ukanda wa shaba wa mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jambon, yaani paja la nyuma la nguruwe lililokolezwa chumvi, pengine likakaushwa kwa moshi, halikutokana na desturi za vijiji vya Wasanga na Walunda wa eneo hilo, bali liliingia pamoja na uchimbaji wa madini, na historia yake haitengani na ile ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906.

Sharti la kwanza la nyama hiyo ni baridi, kwa sababu paja lenye mfupa huchukua siku nyingi kupenywa na chumvi hadi ndani, na likikaa katika joto huanza kuoza karibu na mfupa kabla chumvi haijafika. Katika uwanda wa Manika usiku huwa na baridi kali mwezi Juni na Julai, lakini Noeli huangukia katikati ya masika, wakati hewa ina joto na unyevu, kwa hiyo anayetaka jambon ya Desemba hulazimika kuipata ikiwa tayari imehifadhiwa, au awe na chumba cha baridi. Mahitaji hayo yalitimizwa hatua kwa hatua: reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, njia ya kwenda bandari ya Lobito ikakamilika mwaka 1931, Kolwezi ikaanzishwa mwaka 1937, na katika miaka ya 1950 mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyoitwa wakati huo Delcommune na Le Marinel, yakaongeza umeme karibu na migodi. Hata hivyo, neema hiyo haikugawanywa sawa, kwani familia ya mfanyakazi wa kambini ilitegemea posho, yaani mgao wa chakula uliotolewa na kampuni, ilhali jambon ilikuwa chakula cha meza za Wazungu.

Maandalizi yenyewe ni ya taratibu. Paja hulowekwa usiku kucha ili chumvi ipungue, likachemshwa kwa moto mdogo, kisha ngozi huvuliwa na mafuta yaliyobaki juu yake huchanjwa miraba, kila mraba ukachomekwa karafuu moja na kupakwa sukari au asali kabla ya kuingizwa katika oveni. Likishatoka huachwa litulie, ndipo mkataji hushika upande wa kongoro, huondoa kabari ndogo ya nyama, na kuanzia hapo hukata vipande vyembamba hadi kufikia mfupa, akimalizia kwa kupitisha kisu sambamba na mfupa ili vipande vyote viachie.

Mfumo uliobeba mlo huo ulitikisika upesi. Mali za kampuni zilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na hatimaye zikawa za Gécamines, kampuni ya serikali. Mwaka 1973 maduka na mashamba ya wageni yalitwaliwa na kukabidhiwa Wazaire, yaani raia wa nchi hiyo iliyoitwa Zaire wakati huo. Mwaka 1974 serikali ya Rais Mobutu iliiondoa Noeli katika sikukuu za taifa. Na vita vya Mei 1978 mjini Kolwezi viliwafanya Wazungu wengi wahamishwe kwa ndege.

Nguruwe, anayeitwa huko ngulube, hata hivyo amebaki katika chakula cha Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, ingawa si kwa wote, kwa kuwa Waislamu, Waadventista, Wakimbangu na Mitume wa Yohana Maranke hawamli. Wanaomla humpika au kumchoma bila kwanza kumkoleza chumvi, na kumla kwa bukari, yaani ugali, nao wana sababu nzito ya kutomhifadhi: homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza na mtaalamu wa mifugo Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, hukaa ndani ya ngiri bila kuwadhuru na huweza kumaliza zizi zima kwa siku chache. Mfugaji anayeishi na hatari hiyo, katika mtaa ambao umeme hukatika, hufaidika zaidi kwa kuchinja na kuuza siku hiyohiyo kuliko kungoja paja likolee chumvi. Hivyo kilichotoweka Manika ni jambon iliyotegemea majokofu ya kampuni, wala si hamu ya kula nyama ya nguruwe siku ya sikukuu.