Joto Lisilo na Mlango

Watu wengi huamini kwamba injini huteswa na mwendo. Kwa niliyoyaona katika miaka zaidi ya hamsini ya kusafiri katika barabara za kanda hii ya Ziwa, naona kuwa mara nyingi injini huteseka zaidi inaposimama. Nitalieleza jambo hili kwa mifano miwili isiyofanana kwa sura: gari la kasi lililoshinda Safari Rally mwaka 1971, na foleni ya kivuko hapa Kigongo. Kinachoiunganisha ni joto la ekzosi, ambalo halijali kama gari ni la bingwa au la serikali.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally. Yalifanyika wakati wa Pasaka, masika yanapokuwa yamekwisha kuziharibu barabara, na sisi vijana wa chuo cha ualimu tuliyafuatilia redioni kama wengine walivyofuatilia mpira. Mwaka 1971 walishinda Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa na Datsun 240Z. Aliyeshika nafasi ya pili, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye aliendesha gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, tena kwa 240Z, akiwa amekwisha kuihama nchi yake kwa sababu ya utawala wa Idi Amin. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982.

Hebu msomaji tulifungue boneti la gari hilo. Ndani mna injini ya lita 2.4, yenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja. Katika injini hiyo mchanganyiko wa hewa na petroli huingilia upande uleule ambao moshi hutokea. Kwa hiyo kabureta zimekaa juu ya manifodi ya ekzosi, mfano wa mtu aliyeweka mtungi wa maji ya kunywa juu ya mafiga. Injini inapofanya kazi nzito, moshi unaotoka kwenye silinda huweza kupita nyuzi joto 700. Petroli nayo huanza kugeuka mvuke hata kabla ya kufika nyuzi 50. Umbali kati ya moto huo na petroli hiyo hauzidi sana shubiri moja.

Gari likiwa mbioni, upepo hupita katika rejeta, feni huzunguka, na petroli mpya yenye ubaridi huja kutoka kwenye tangi bila kukoma. Joto lipo, lakini lina mlango wa kutokea. Dereva akizima injini, feni husimama, maji huacha kuzunguka, petroli hutulia ndani ya kabureta. Chuma cha manifodi, hata hivyo, bado ni cha moto vilevile, na joto lake hupanda juu. Ndiyo maana katika dakika za mwanzo baada ya kuzima, kabureta hupata joto zaidi kuliko lilivyokuwa barabarani. Petroli huchemka, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika hujikuta inavuta mvuke. Gari likigomea hapo, plagi wala betri hazina kosa. Na sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, tuna tatizo la ziada: hewa yetu ni nyepesi, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na petroli nayo hugeuka mvuke mapema zaidi.

Mafundi walitafuta dawa nyingi. Waliweka bati la kukinga joto kati ya kabureta na manifodi. Waliweka kipande kinene kisichopitisha joto chini ya kabureta. Walitia bomba la kuirudisha tangini petroli iliyozidi, ili isikae pale na kuchemka. Wengine walitoboa matundu kwenye boneti, na wengine wakaviringisha ekzosi kwa utepe usioungua. Lakini kila dawa ina gharama yake: matundu huingiza mvua na vumbi, na utepe hushika unyevu hadi bomba likala kutu.

Sasa tuje Kigongo. Kwa miaka mingi, aliyetaka kwenda Sengerema au Geita kwa njia hii alisimama hapa kungoja pantoni ya kuvuka ghuba hadi Busisi. Madereva walizima injini ili wasipoteze petroli, na jua likashika boneti kwa juu huku manifodi ikipika kwa chini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mwalimu kijana, nilipewa lifti katika gari la petroli lililobeba chanjo ya surua kwenda vijiji vya ng'ambo. Chanjo ilikuwa katika sanduku la barafu, na muuguzi aliyeisindikiza alikuwa akifunua kifuniko kidogo na kukifunika haraka. Pantoni ilipofika, gari halikuwaka. Dereva alifungua boneti, akalowesha kitambaa kwa maji ya ziwa na kukifunga kwenye pampu. Bado halikuwaka. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Kukosa zamu ile maana yake ilikuwa kungoja tena saa nyingi, na barafu isingetungoja.

Muuguzi hakubishana na mtu. Aliwaambia abiria waliokuwa kwenye foleni kilichomo sandukuni, basi. Watu kama kumi, wengine wakiwa na kanga na mizigo mkononi, wakalisukuma gari lile hadi ndani ya pantoni. Dereva aliacha boneti wazi muda wote wa kuvuka. Upepo wa ziwa ukafanya kazi ambayo feni isingeweza kuifanya ikiwa imesimama, na tulipofika Busisi injini iliwaka mara ya pili tu. Barafu ilikuwa bado ipo. Watoto wa kijiji cha kwanza walichanjwa alasiri ileile.

Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na safari ya Kigongo hadi Busisi ikawa ya dakika chache. Injini za siku hizi nazo husukuma petroli kwa shinikizo kubwa, kwa hiyo ugonjwa ule wa mvuke umekuwa nadra. Kijana aliyezaliwa juzi hajui kitambaa kilichoning'inia kwenye pampu kilikuwa cha nini.

Hata hivyo, joto halikustaafu. Mwaka 1984 Safari ilishindwa na Toyota Celica yenye turbo, na ikashinda tena mwaka 1985 na 1986. Turbo huzungushwa na moshi uleule wa ekzosi. Ukizima injini ghafla baada ya mwendo mkali, oili huacha kupita na ile iliyobaki ndani huungua na kuganda kama masizi. Leo turbo zimejaa katika malori na mabasi yanayopita darajani. Kwa hiyo ninawashauri vijana wanaoendesha magari hayo: mkitoka katika mwendo mkali au mlima mrefu, acheni injini inguruma polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Kama kuna abiria anayenung'unika kwamba mnachelewa, mwelezeni sababu. Abiria wa Kigongo walielezwa, wakasukuma.