Carthage, Mji wa Wafia Dini

Katika Kanuni ya Kiroma ya Misa, padri hutaja majina ya Felisita na Perpetua. Wakristu wengi huyasikia majina hayo, lakini hawajui kwamba wanawake hao wawili walikuwa watu wa Afrika. Walikufa kwa ajili ya Yezu Kristu katika mji wa Carthage, pwani ya Tunisia, kando ya bahari ya Mediterania. Wasomaji wapendwa, twende leo tuutembelee mji huo, mahali kwa mahali. Vitu vya kutazama ni vingi. Lakini kuna pia neno la kuuliza. Carthage ilikuwa mama wa Eklezia yenye maaskofu mamia, na Eklezia hiyo ilizimika. Ilizimikaje?

Kutoka Tunis, mji mkuu, iko njia ya gari la moshi inayopita juu ya tuta katika ziwa la maji ya chumvi. Baada ya kilometa 15 hivi, jina la Carthage limeandikwa juu ya vituo kadhaa. Mgeni asitazamie kuona mji mmoja wenye ukuta. Magofu yametawanyika katikati ya nyumba na bustani za watu wa leo, na mtu hana budi kutembea kwa miguu. Tangu mwaka wa 1979 magofu hayo yamehesabiwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia nzima.

Kwanza tushuke bandarini. Mji huu, kama wazee walivyosimulia, ulijengwa mwaka wa 814 kabla ya Kristu na watu wa Tiro, yaani Wafoinike, pamoja na malkia wao Elisa. Waliuita Qart Hadasht, maana yake Mji Mpya. Leo utaona mabwawa mawili ya maji matulivu, ambamo watu huvua samaki. Moja ni la mviringo, lenye kisiwa katikati. Nani angedhani kwamba humo, kadiri ya waandishi wa kale, mliwekwa merikebu za vita 220? Kutoka nchi hii alitoka jemadari Hannibal, ambaye mwaka wa 218 kabla ya Kristu alivuka milima ya Alpes na tembo zake kwenda kupigana na Roma. Warumi hawakusahau. Mwaka wa 146 kabla ya Kristu waliuteka mji, wakauchoma, wakawauza watu wake utumwani.

Karibu na bandari pana makaburi yaliyogunduliwa mwaka wa 1921, yanayoitwa Tofeti. Humo walikuta vyungu vingi vyenye majivu ya watoto wachanga, na vingine vyenye mifupa ya kondoo na mbuzi. Waandishi wa kale walisema kwamba watu wa Carthage waliwatoa watoto wao sadaka kwa miungu. Wataalamu wa leo hawajapatana: wengine wanakubali, wengine husema ni watoto waliokufa kwa ugonjwa. Hata hivyo mtu hapiti pale bila kunyamaza.

Baadaye Warumi wenyewe waliujenga mji upya, ukawa mmoja wa miji mikubwa kabisa ya dola yao. Ufukweni utaona nyumba za kuogea za Kaisari Antoninus, zilizojengwa katika karne ya pili. Kilichobaki ni vyumba vya chini tu, lakini nguzo moja iliyosimamishwa tena, yenye meta 15 hivi, yaonyesha ukubwa wa jengo lote. Maji yalitoka mlima wa Zaghouan kwa mfereji wa mawe wenye urefu wa kilometa 132. Sehemu za mfereji huo zingali zimesimama mashambani.

Sasa tupande hadi uwanja wa michezo, ambapo watu walipiganishwa na wanyama wakali. Kuta zake zimebomolewa, mawe yamechukuliwa kwa kujenga kwingine, miti imeota kandokando. Hapa, tarehe 7 Machi 203, waliletwa Wakristu wachache, vijana karibu wote. Perpetua alikuwa bibi wa jamaa ya heshima, mwenye umri wa miaka 22 hivi, naye alikuwa akinyonyesha mtoto. Baba yake, mpagani, alimsihi mara nyingi amhurumie yeye mzee na mtoto mchanga. Perpetua alihuzunika sana, lakini hakukana. Habari za kifungoni aliziandika yeye mwenyewe. Felisita alikuwa mjakazi, mwenye mimba ya miezi minane. Alijifungua gerezani mtoto wa kike, naye mwanamke Mkristu akamlea kama binti yake. Mlinzi mmoja alimdhihaki kwa sababu alilia katika uchungu wa kuzaa: atafanyaje mbele ya wanyama? Felisita akamjibu kwamba sasa anateseka yeye peke yake, lakini siku ile Mwingine atakuwa ndani yake, atakayeteseka pamoja naye.

Yuko na mtu wa tatu ambaye sisi makatekista hatupaswi kumsahau. Jina lake Saturus, naye ndiye aliyewafundisha dini. Siku walipokamatwa wanafunzi wake, yeye hakuwapo. Angaliweza kujificha. Lakini alikwenda mwenyewe kujitoa, apate kuwa pamoja nao. Akafa pamoja nao. Na pale uwanjani, Felisita alipoangushwa na ng'ombe mkali, Perpetua alimwendea, akampa mkono, akamwinua. Bibi na mjakazi wakasimama bega kwa bega.

Nje kidogo ya mji wa kale yako magofu ya makanisa makubwa. Moja huitwa Damous el Karita, lenye safu nyingi za nguzo. Katika jingine, mwaka wa 1907, Padri Alfred-Louis Delattre, Padri Mweupe aliyechimbua magofu ya Carthage kwa miaka mingi, aliokota vipande vya jiwe lenye majina ya Perpetua, Felisita na wenzao. Katika mji huu pia Mtakatifu Sipriani alikuwa askofu. Wanyang'anyi walipowateka Wakristu wa Numidia, alikusanya kwa waamini wake fedha za Kirumi, sesterti 100,000, za kuwakomboa. Alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Mtakatifu Augustino naye alisoma na kufundisha hapa katika ujana wake.

Basi, Eklezia yenye watakatifu namna hii ilizimikaje? Wengi hujibu upesi: Waarabu waliuteka mji mwaka wa 698, yakaisha. Jibu hilo halitoshi. Waarabu walitawala Misri na Siria pia, na Wakristu wa kienyeji wako huko hata leo. Lazima tutafute zaidi.

Jambo la kwanza ni magomvi. Baada ya mateso ya Kaisari Diocletianus, Wakristu wa Afrika waligawanyika juu ya mapadre na maaskofu waliodhaniwa kuwa walitoa Vitabu Vitakatifu kwa watesi. Ukazaliwa utengano wa Wadonati, uliodumu miaka zaidi ya 100. Mwaka wa 411 pande mbili zilikutana Carthage kushindana kwa maneno: kila upande ulikuwa na maaskofu zaidi ya 270! Katika miji mingi walikuwako maaskofu wawili na altare mbili, na majirani waliokataa kusali pamoja. Mwaka wa 439 Wavandali waliuteka mji huu, wakaitesa Eklezia. Wakaja Wabizanti mwaka wa 533. Nyumba iliyopasuka zamani haikuweza kustahimili dhoruba hizo zote.

Jambo la pili ni lugha. Eklezia ya Carthage ilisali na kuandika kwa Kilatini, lugha ya mijini na ya serikali. Wakulima wengi walisema Kipuni au Kiberberi. Hakuna Biblia ya lugha hizo iliyotufikia. Kumbe huko Misri Wakristu walikuwa na Maandiko na sala katika Kikopti, lugha ya wakulima wenyewe. Katika Afrika ya Kaskazini wenye mali na wenye elimu wengi walikimbilia Ulaya, na Kilatini kikapotea. Waliobaki mashambani walibaki na nini? Mwaka wa 1053 Papa Leo IX alisikitika kwamba katika Afrika yote ile walikuwa wamesalia maaskofu watano tu.

Tumalizie safari yetu juu ya kilima cha Byrsa. Ludoviko Mtakatifu, mfalme wa Ufaransa, alifariki katika nchi hii ya Carthage mwaka wa 1270. Kwa jina lake Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe na Masista Weupe, alijenga hapa kanisa kuu, lililobarikiwa mwaka wa 1890. Vijana wengi wa Shirika lake walisoma teolojia Carthage kabla ya kutumwa kwenye maziwa makuu. Ndugu zao wa kwanza walikuwa wamekwisha fika kwetu: mwaka wa 1885 walipokea Mpala, kando ya Tanganyika. Lavigerie aliwaagiza kujifunza lugha za watu. Mwaka wa 1917 Stefano Kaoze alipata upadre Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu ya Moba, Mkongomani wa kwanza kati ya mapadre wetu wa siku hizi.

Lakini kanisa la Byrsa lenyewe? Lilijengwa chini ya utawala wa Wafaransa, katika nchi ya Waislamu. Mwaka wa 1930 mkutano mkubwa wa Ekaristi ulifanyika Carthage, na Watunisia wengi waliona kwamba dini yao imedharauliwa. Baada ya Tunisia kupata uhuru mwaka wa 1956, Wakristu wa Ulaya waliondoka. Mwaka wa 1964 Eklezia ilipatana na serikali, ikatoa makanisa yake karibu yote. Mwili wa Lavigerie ulihamishiwa Roma. Kanisa kuu likawa jumba, ambamo baadaye watu walikuja kusikiliza muziki. Kwa hiyo, juu ya kilima kimoja, Eklezia imepata somo lile lile mara mbili.

Hata hivyo Misa haikukoma katika nchi ile. Mjini Tunis liko kanisa kuu la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, na kati ya wanaosali humo ni vijana wengi wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara, waliokwenda kusoma. Hawana mnara wa kujivunia kilimani, lakini Felisita na Perpetua hawakuwa nao pia.

Nasi tuliobaki nyumbani tujiulize: Katika parokia yetu, je, tumekwisha pata altare mbili kwa sababu ya ukabila na magomvi? Mama mzee wa kijijini, je, anaelewa Injili anayosomewa? Na siku ya hatari, watoto tuliowafundisha dini watamwona katekista wao wapi? Saturus alikwisha jibu.