Keki ya jibini ya vipande

Keki ya jibini ya vipande ni kitindamlo cha Marekani kinachookwa katika trei ya mraba, kisha hukatwa vipande. Tabaka la chini ni biskuti zilizosagwa, zikachanganywa na siagi iliyoyeyushwa na kushindiliwa kwa kitako cha glasi. Juu humiminwa mchanganyiko wa jibini laini ya krimu, sukari, vanila na mayai. Jibini hiyo, ambayo chapa yake moja, Philadelphia, inauzwa tangu 1880, sharti ilainike kwanza nje ya friji. Ikiwa baridi huacha madonge. Mayai hutiwa mwisho na kukorogwa kidogo tu, kwani hewa ikizidi keki huvimba ikapasuka. Huokwa kwa nyuzi 160 za Selsiasi hadi kingo zishike, katikati pakitikisika bado. Mwenye haraka ya kuikata kabla haijapoa hupata uji mtamu.