Nani Mwenye Vyombo? Historia ya Gitaa la Besi katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Historia ya muziki wa pwani yetu huandikwa zaidi kwa kufuata nyimbo: nani alitunga, aliimba nini, alimsema nani. Njia hiyo ina faida yake, kwa sababu maneno ya wimbo hubaki vichwani mwa watu hata baada ya mwimbaji kufariki. Lakini huacha swali moja la msingi: wimbo huo ulipigwa kwa vyombo vya nani? Katika insha hii nachukua chombo kimoja tu, gitaa la besi, na kulitazama kutoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, yaani kuanzia Mto Ruvuma na Palma hadi Mocímboa da Praia, Ibo na Pemba. Hoja yangu ni kwamba besi haisikiki dansini bila umeme, spika kubwa na mtu wa kuvigharimia. Kwa sababu hiyo, mwenye vyombo ameamua historia yake kuliko mpigaji, na hata vita vya miaka ya karibuni vinaonyesha jambo hilo.

Tuanze na mahali penyewe. Kwa mstari ulionyooka, Palma iko chini ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam, lakini iko zaidi ya kilomita 1,600 kutoka Maputo. Watu wa hapa huzungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, na serikali na shule hutumia Kireno. Majina ya vyombo yanafuata njia hizo mbili. Kireno huita gitaa la besi viola-baixo, na seti nzima ya vipaza sauti aparelhagem. Anayezungumza Kiswahili husema besi, spika na vyombo. Mtu mmoja anaweza kutumia majina yote katika mazungumzo ya usiku mmoja. Tangu zamani vijana wa upande huu walivuka Ruvuma kwenda kutafuta kazi Tanganyika, hasa katika mashamba ya mkonge, wakikimbia kazi za shuruti na kodi za Kampuni ya Niassa, iliyopewa hati mwaka 1891 na kumaliza muda wake mwaka 1929, na baadaye za serikali ya kikoloni yenyewe. Walipokwenda walikutana na dansi la mjini. Kwa hiyo, ili kuelewa besi ya Palma, hatuna budi kutazama pia ng'ambo ya mto.

Sauti nzito haikuletwa na umeme. Katika mapiko ya Wamakonde kuna ngoma kubwa na ndogo, na kabla ya mchezo ngozi zake huoteshwa moto ili zikaze na kutoa sauti inayotakiwa. Katika tufo, ngoma ya akina mama inayochezwa Nampula na Cabo Delgado, matari manne ya ukubwa tofauti hugawana kazi, na lile kubwa hushika sauti ya chini. Unguja, wapigaji wa kidumbaki walipata besi yao kwa njia rahisi zaidi. Walichukua sanduku la mbao la kufungia majani ya chai, wakaligeuza kifudifudi, wakafunga uzi mmoja kutoka kwenye sanduku hadi kwenye fimbo. Mpigaji akivuta fimbo, uzi hukaza na sauti hupanda. Akiilegeza, sauti hushuka. Chombo chenyewe huitwa sanduku. Ngoma hizi na sanduku vina jambo moja linalofanana: fundi wa mtaa anaweza kuvitengeneza, na mpigaji anaweza kuvimiliki. Tari likipasuka, ngozi nyingine hupatikana hapo hapo.

Gitaa la besi ni kitu cha aina nyingine. Leo Fender wa Marekani aliuza Precision Bass yake kuanzia mwaka 1951. Kabla ya hapo, bendi nyingi za dansi duniani zilitegemea besi kubwa ya kusimama, ambayo ilikuwa nzito na ikimezwa na sauti za tarumbeta na ngoma. Gitaa jipya lilikuwa jembamba, lenye nyuzi nne, na mtu aliweza kulining'iniza begani. Lakini wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Gitaa la kawaida la mbao husikika sebuleni bila msaada wowote. Besi ya umeme isipochomekwa kwenye amplifaya haisikiki hata na mtu aliyekaa viti vitatu kutoka kwa mpigaji. Uzi wake mzito zaidi, ukipigwa wazi, hutoa mitetemo takriban 41 kwa sekunde. Ili mitetemo ya chini namna hiyo ijae uwanja, spika inapaswa kusukuma hewa nyingi, na amplifaya ya besi huhitaji nguvu kubwa kuliko ile ya gitaa la solo. Uzito uliotolewa kwenye gitaa ulihamia kwenye sanduku la spika.

Jambo hili linaeleza pia namna besi ilivyofika masikioni mwa watu wa pwani. Katika miaka ya 1960 na 1970 dansi la Tanzania lilivuka mpaka kwa mawimbi ya redio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio hiyo ndiyo iliyotangaza pia sauti ya FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964. Lakini redio ndogo ya betri ina spika isiyozidi upana wa kiganja, nayo haiwezi kutoa sauti nzito ipasavyo. Msikilizaji alipata mwimbaji, solo na tarumbeta kwa ukamilifu, ila besi aliipata nusu tu. Mtu angeweza kuujua wimbo wote kwa moyo bila kuisikia vizuri kazi ya mpigaji wa besi. Ili aisikie kifuani ilimbidi asimame mbele ya bendi yenye vyombo kamili.

Na vyombo kamili vilikuwa vya nani? Tanzania inatupa jibu lililo wazi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, na jeshi pia. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, na Bima Lee ilihusiana na Shirika la Bima. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo ikaitwa DDC Mlimani Park. Mpigaji alikuwa mwajiriwa. Alipata mshahara, lakini besi aliyoipiga haikuwa yake, na akihama bendi aliiacha jukwaani. Ndiyo maana katika historia ya dansi tunasoma mara nyingi kwamba wanamuziki wamehama kundi kwa kundi kumfuata mwenye vyombo vipya. Wengine huliona jambo hilo kuwa ni tamaa au usaliti. Tukilitazama kwa upande wa vyombo, lilikuwa suala la kazi: fundi huenda palipo na zana.

Msumbiji njia ilikuwa tofauti. Vita vya ukombozi vilipiganwa kwa miguu, na muziki wake ulikuwa kwaya na ngoma, vitu vinavyoweza kutembea msituni. Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, serikali mpya ilitilia mkazo utamaduni wa asili, na mwaka 1978 ilifanya tamasha la taifa la ngoma. Ngoma zilipata jukwaa. Vyombo vya umeme havikugawanywa vivyo hivyo, na vita vya ndani vya 1977 hadi 1992 viliziba barabara ambazo spika na jenereta zingepita. Mfano ulio karibu nasi wa kuchanganya midundo ya pwani na magitaa ni Eyuphuro, kundi lililoundwa mwaka 1981 katika mkoa jirani wa Nampula, ambapo sauti ya Zena Bacar iliongoza. Albamu yao Mama Mosambiki ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World mwaka 1990. Kundi hilo linathibitisha kwamba mdundo wa tufo unaweza kubebwa na magitaa vizuri kabisa. Kilichokosekana kaskazini zaidi ni vyombo, si vipaji.

Hapa inafaa tuitazame kazi ya usiku mmoja, kwa sababu historia nyingi imejificha katika hesabu zake. Chukulia bendi inayopiga harusini katika kijiji kisicho na umeme, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni saa nane. Jenereta ndogo ya kilowati mbili hunywa takriban lita moja ya petroli kwa saa, kwa hiyo bila lita nane au kumi hakuna harusi. Mafuta hayo hununuliwa kabla mpigaji hajapata hata senti. Jenereta huwekwa mbali ili kelele yake isiwasumbue wageni, na waya mrefu ukiwa mwembamba, umeme hupungua njiani. Dramu kubwa na besi vikigonga pamoja, taa hufifia na amplifaya hukoroma. Wa kwanza kuambiwa apunguze sauti ni mpiga besi, maana ndiye anayekula umeme mwingi. Vyombo visipounganishwa na ardhi kwa waya, mwimbaji anayegusa kipaza sauti kwa mdomo anaweza kupigwa na shoti.

Pwani huongeza adui mwingine, yaani chumvi. Hewa ya bahari hula nyuzi za chuma, plagi na vitasa. Mpigaji mwangalifu hufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu kila anapomaliza, kwa kuwa jasho na chumvi vikilala pamoja usiku mmoja kutu huanza. Nyuzi zikifa sauti, zipo mbinu za wapigaji wa nchi nyingi: kuzifungua na kuzichemsha kwenye sufuria ili uchafu utoke, kisha kuzikausha na kuzirudisha. Hupata uhai wa siku chache. Anayefanya hivyo hafanyi kwa kupenda. Seti ya nyuzi nne za besi ni ghali kuliko nyuzi sita za gitaa la kawaida, na wauzaji wake ni wachache. Nyuzi hizo hulipiwa na nani, mpigaji au mwenye vyombo? Mapatano ya bendi mara nyingi huvunjika kwenye swali dogo kama hilo.

Kuanzia miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilibadilisha hesabu. Katika taarabu ya kisasa, makundi kama East African Melody yalionyesha kwamba kinanda kinaweza kufanya kazi ya ala nyingi. Mpigaji mmoja huweka ngoma na besi kwenye mashine, kisha mkono wa kulia hupiga zumari au fidla. Kwa mwenye harusi ni nafuu: watu wachache wa kulisha na gari moja tu la kukodi. Kwa mpiga besi ni ajira iliyopotea. Yeye hakushindwa kupiga. Alishindwa kwa sababu sauti yake ilikuwa imeingia ndani ya chombo cha mtu mwingine.

Baada ya gesi kugunduliwa baharini mwaka 2010, Palma ilianza kujaa wafanyakazi na wageni, na palipo na mishahara ndipo muziki wa kulipwa hutafutwa. Lakini tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani. Agosti 2020 Mocímboa ilitekwa, na ilikaa takriban mwaka mzima kabla ya kukombolewa. Tarehe 24 Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma, na mwezi uliofuata Total ikatangaza kusimamisha mradi wake. Kufikia katikati ya mwaka huo watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameyakimbia makazi yao. Maelfu walifika ufukwe wa Paquitequete, Pemba, kwa mashua zilizojaa watoto na mabunda ya nguo. Katika mashua kama hiyo sanduku la spika lenye kilo 40 halina nafasi, wala halipaswi kuwa nayo. Ngoma inaweza kuchongwa upya kambini, na tari linaweza kuwambwa upya. Besi ikiachwa nyuma, kuirudisha kunahitaji fedha, duka na umeme. Tofauti hiyo haitokani na thamani ya muziki. Inatokana na nani anaweza kutengeneza chombo na nani analazimika kukinunua.

Hitimisho langu lina sehemu mbili. Kwanza, tusiseme kwamba pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado haikuwa na utamaduni wa dansi kwa kuwa haina bendi mashuhuri. Masikio yalikuwepo tangu enzi ya redio, na sauti nzito ilikuwepo kabla ya umeme. Kilichopungua ni umiliki wa vyombo. Pili, sisi wanafunzi tunapokwenda kukusanya historia kwa wazee na vijana waliotawanyika Pemba, Mtwara na kwingineko, tusiishie kuwaomba waimbe. Tuwaulize pia: besi ilikuwa ya nani? Ililetwa na nani, kwa chombo gani cha usafiri? Mafuta ya jenereta alinunua nani? Iko wapi sasa? Majibu yao yataandika historia ya wapigaji ambao majina yao hayamo katika nyimbo. Na siku watu watakaporudi kwao na kuanza kujenga upya, majibu hayo yatasaidia kuonyesha kwamba vyombo vya muziki navyo vilikuwa mali ya kazi, kama mashua na nyavu, na vinastahili kuhesabiwa pamoja nazo.