Grisi ya Mwaka 1916

Julai 1916 mafundi wa Kijerumani waliokuwa Kigoma waliamriwa kuizamisha meli waliyoiunga wenyewe. Majeshi ya Wabelgiji yalikuwa yakiukaribia mji, na meli haikutakiwa kuangukia mikononi mwao. Mafundi walitii, ila kwanza walizipaka injini zake grisi nzito ili maji yasizile. Tarehe 26 Julai wakaizamisha taratibu, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani.

Aliyetoa amri alitaka adui asiipate. Aliyeshika kopo la grisi alikuwa na hesabu nyingine: siku moja atatokea mtu wa kuiwasha.

Meli hiyo ndiyo MV Liemba. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa kuwa nimekulia Kigoma, watu wengi niliokutana nao chuoni wamenihadithia Liemba kana kwamba wananipa habari mpya. Karibu wote husimulia vita: mizinga, Wajerumani, Waingereza, Wabelgiji. Mimi naona vita ni sehemu fupi ya maisha yake. Meli ilipigana kwa muda usiozidi miezi kumi na minane. Imetengenezwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Ukitaka kuielewa, anzia kwenye grisi.

Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa tena vipande vipande na kutiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha yakapanda reli ya kati, iliyofika Kigoma Februari 1914. Wajenzi watatu waliotumwa kuiunga tunawajua kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliogonga ribiti, Wahindi na Waafrika, katika vitabu vingi nilivyosoma ni “vibarua” tu. Meli ya urefu wa mita 70 hivi haiungwi na watu watatu. Mtu fulani alishika chuma cha moto kwa koleo, mwingine akapiga nyundo, na ribiti hizo ndizo zilizoizuia meli isivuje.

Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala koloni hili wakati vita vya Maji Maji vilipoanza. Ilikusudiwa kubeba abiria na mizigo, lakini vita vilikuwa vimeshaanza, kwa hiyo ukarabati wake wa kwanza ulikuwa kuigeuza kuwa manowari. Ilifungwa mzinga uliotoka kwenye Königsberg, ile manowari iliyoishia katika delta ya Rufiji. Baadaye mzinga ulipohitajika kwingine, wakaweka wa mbao wa kudanganyia.

Baada ya kuzamishwa, Wabelgiji waliiibua na kuivuta hadi Kigoma, lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza waliinyanyua Machi 1924. Walipofungua injini na boila wakakuta bado zinafaa. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake kwa karibu miaka minane. Tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji alipofika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867. Jina la gavana likafutwa, likawekwa jina la maji yenyewe.

Tangu hapo Liemba imebadilishwa tena na tena. Boila zilizokula kuni zilidumu hadi miaka ya 1970, zilipoondolewa pamoja na injini za mvuke, zikafungwa za dizeli. Mwaka 1993 Denmark ilifadhili ukarabati mwingine mkubwa. Kwa hiyo zile injini zilizopakwa grisi mwaka 1916 hazimo tena. Kilichobaki ni bodi. Je, hii bado ni meli ile ile?

Swali hili wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi. Mimi nililikuta Ujiji, kwenye gereji ya baba yangu mdogo. Ana Honda XL ya zamani, pikipiki ndefu ya njia mbovu, ya aina ambayo miradi na misheni nyingi zilitumia mkoani kwetu kabla barabara hazijapata lami. Aliinunua ikiwa imekwisha, na spea zake halisi ni shida kupata. Kabureta ya sasa ni ya Kichina. Shokapu za nyuma ni za Boxer. Karia imechomelewa kwa nondo ili ibebe madumu mawili ya mawese bila kuyumba. Bushi za mkono wa nyuma alichongesha kwa fundi wa mashine. Kwa pikipiki hiyo amefika Uvinza, Kasulu, hadi Mpanda.

Nilimuuliza kama bado ni Honda.

“Kadi inasema Honda,” alijibu. “Namba ya fremu ni ile ile. Hayo mengine ni chakula, mwanangu. Pikipiki isipokula inakufa.”

Nimesoma nadharia nyingi za uhifadhi wa urithi, ila nimeona chache zilizolisema jambo hili kwa ufupi kama huo. Mashine ya safari haihifadhiwi kwa kuzuiwa isibadilike. Inahifadhiwa kwa kubadilishwa na mtu anayejua kipi kikiondoka yenyewe inabaki, na kipi kikiondoka imekwisha. Na sababu ya kuibadilisha ni moja: kuna mahali watu wanataka kufika.

Kwenye ziwa hili mahali hapo ni pengi. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi, na vijiji vingi vya mwambao havina bandari. Safari ya Liemba kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ilikuwa ni kusimama nje ya kijiji, kupiga honi na kusubiri maboti ya mbao yaje yameinama kwa abiria, magunia ya dagaa, kuku na nanasi. Watu wa Kirando au Kipili hawakupanda Liemba kwa sababu ni ya kale. Waliipanda kwa sababu ilikuja.

Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mei 2015, machafuko ya Burundi yalipoanza, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na maji. Kipindupindu kikaingia. Njia ya kuwatoa watu wengi kwa pamoja ilikuwa ziwa. Liemba ikaenda na kurudi, ikibeba watu wapatao 600 kwa safari moja, wakiifikia kwa maboti kwa sababu ufukweni haikuweza kusogea. Nilikuwa sekondari wakati huo. Niliwaona wakishuka Kigoma, akina mama wenye watoto mgongoni na sufuria kichwani, wakipelekwa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kwenda kambini Nyarugusu. Sikumsikia yeyote akiuliza meli imeundwa mwaka gani.

Ndiyo maana wazo la kuifanya Liemba makumbusho, linalozuka mara kwa mara, hunitia mashaka. Tunayo makumbusho ya namna hiyo Ujiji, pale Livingstone na Stanley walipokutana mwaka 1871. Ni mahali pazuri, na maembe yake ni matamu. Lakini ni kumbukumbu ya wageni wawili waliosalimiana, katika mji uliojaa waliobeba mizigo, waliounda mitumbwi na waliouza chumvi. Nahofia Liemba ikifungwa kamba gatini kwa heshima, tutaandika tena majina matatu ya Wajerumani kwenye kibao, na wagonga ribiti watabaki vibarua.

Miaka ya karibuni meli imekaa Kigoma, kwanza ikisubiri ukarabati mwingine mkubwa, kisha ukarabati wenyewe. Wapo wanaolalamika kwamba kila kinachobadilishwa kinaondoa historia. Naona kinyume. Kila bamba jipya na kila mchomeleo ni ukurasa, na safari hii tunao uwezo wa kuandika kila jina: nani alichomelea, nani alipanga shafti, nani alilala kwenye chumba cha injini usiku pampu ilipogoma. Hilo halihitaji mfadhili. Linahitaji daftari, kalamu, na mtu wa kwenda kuuliza kabla wazee waliozihudumia zile injini za mvuke hawajaisha.

Jina la aliyeshika kopo la grisi kwa kila bomba na kila pistoni hatulijui. Kazi yake ilizaa miongo mingi ya safari. Inatosha kutufundisha tuandike majina ya wanaoishika leo.