Jengo Refu Liko Atlanta, Bosi Yuko Charlotte

Mwaka 1992 Atlanta, mji mkuu wa jimbo la Georgia, ilipata jengo la ghorofa 55 lenye urefu wa mita 312, kazi ya msanifu Kevin Roche, lenye kilele cha vyuma vilivyosimamishwa kama piramidi na kupakwa dhahabu. Ukiondoa New York na Chicago, hapakuwa na mji wa Marekani uliokuwa na jengo refu kuliko hilo. Mwaka huohuo Charlotte, mji mkubwa kuliko yote katika jimbo la North Carolina, ikafungua la kwake lililochorwa na César Pelli. Lina ghorofa 60, lakini urefu wake ni mita 265 tu. Kwa macho, Atlanta ilikuwa imeshinda. Ila majengo yote mawili yalifunguliwa kwa jina la benki moja, NationsBank, na mkuu wa benki hiyo, Hugh McColl, ofisi yake ilikuwa Charlotte.

Watu wengi wa Kusini mwa Marekani hupenda kulinganisha miji hii miwili kwa kuhesabu maghorofa yake. Ni mchezo mzuri, lakini haukwambii kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda. Jibu limo kwenye kitu ambacho huwezi kukiona hata ukipanda kileleni mwa jengo la Roche siku ya anga safi: mpaka wa kaunti.

Tuanzie 1837. Mwaka huo wahandisi wa reli ya Western and Atlantic walikita kigingi katika pori la Georgia kuonyesha njia yao itakapoishia. Mahali hapo pakaitwa Terminus, kisha Marthasville, na kufikia 1845 pakawa Atlanta. Hapakuwa na bandari wala mto wa kupitisha meli. Reli ndiyo iliyouzaa mji, na ndiyo iliyomvuta Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini kuuteka na kuuchoma mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Charlotte ina umri mkubwa zaidi. Ilisajiliwa kuwa mji mwaka 1768 na kupewa jina la mke wa Mfalme George III wa Uingereza, lakini ilibaki kijiji cha njia panda hadi ilipopatikana dhahabu. Mwaka 1799, katika kaunti jirani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Conrad Reed aliokota jiwe zito la manjano kijitoni. Familia yake ililitumia kuzuilia mlango kwa takriban miaka mitatu kabla ya kujua ni mali gani waliyokuwa wakiipiga teke. Machimbo yalienea hata serikali kuu ikafungua kiwanda cha sarafu Charlotte, mwaka uleule wa 1837.

Baada ya hapo Atlanta ilitangulia, tena kwa mbali. Kufikia miaka ya 1960 ilikuwa na Coca-Cola, ilikuwa na uwanja mkubwa wa ndege, na ilikuwa kitovu cha harakati za haki za Wamarekani weusi. Msanifu wake wa nyumbani, John Portman, alifungua mwaka 1967 hoteli ya Hyatt Regency, ambayo ndani yake kuna uwazi wa ghorofa 22: mgeni akiingia mlangoni anainua shingo na kuona milango ya vyumba ikizunguka hadi juu. Mahoteli ya dunia nzima yakaiga. Mwaka 1976 Portman akaongeza mnara wa duara wa vioo, Peachtree Plaza, wenye ghorofa 73, hoteli ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Binafsi naona majengo ya Portman yanaipa mgongo barabara ya nje, mtu wa miguu hana lake pale. Lakini siwezi kukana ujasiri wake.

Sasa turudi kwenye mipaka. Georgia ina kaunti 159, idadi inayozidiwa na Texas peke yake. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 sheria za jimbo zilibana vikali benki kufungua matawi nje ya kaunti yake, ili benki kubwa za Atlanta zisizimeze zile ndogo za mashambani. North Carolina haikuwa na kizuizi hicho. Benki ya Charlotte iliweza kuwa na tawi milimani na lingine pwani, na vijana wake wakajifunza mapema kuendesha matawi mengi kwa mbali na kununua benki za wengine. Mwaka 1982 benki ya NCNB ya Charlotte ilipata upenyo wa kisheria ikanunua benki ndogo Florida, na mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali majimbo ya eneo moja kufunguliana milango kwa benki zao. Mwaka huo Wachovia ya North Carolina iliichukua First Atlanta. Mwaka 1989 McColl, askari wa zamani wa majini aliyekuwa akiongoza NCNB, aliitaka C&S, benki ya fahari ya Atlanta. C&S ikamkatalia, ikakimbilia kuungana na Sovran ya Virginia, na kuanza kujipangia jengo lake kubwa. Miaka miwili baadaye mikopo ya majumba ilikuwa imeiharibikia, McColl akarudi, na safari hii hakukataliwa. Ndivyo NationsBank ilivyozaliwa, na ndivyo mnara wa Atlanta ulivyofunguliwa ukiwa na jina la mwenyeji wa kwingine. Watu wa Charlotte wakalibatiza jengo lao Taj McColl. Mwaka 1998 McColl aliinunua BankAmerica ya San Francisco, akachukua jina lake, makao makuu yakabaki Charlotte.

Habari haikuishia hapo. SunTrust ilikuwa benki ya mwisho kati ya zile kubwa za Atlanta, na ndiyo iliyotunza kanuni ya siri ya Coca-Cola katika hazina yake hadi 2011. Mwaka 2019 iliungana na BB&T ya North Carolina kuunda Truist, na makao makuu yakapelekwa Charlotte. Ule mnara wa mita 312 nao ulikuwa umeshapigwa mnada mwaka 2012, baada ya wamiliki wake wa wakati huo kushindwa kulipa deni.

Kuhusu mitaa, miji yote miwili ina dhambi moja. Charlotte ilikuwa na Brooklyn, mtaa wa watu weusi katikati ya jiji, wenye makanisa, shule, maduka na sinema. Katika miaka ya 1960 bomoabomoa ya mpango wa serikali ya kusafisha miji iliufuta wote. Zaidi ya familia elfu moja ziliondolewa, na mahali pao hapakujengwa nyumba hata moja mpya ya kuishi. Atlanta ilipitisha barabara kuu juu ya Auburn Avenue, mtaa alikozaliwa Martin Luther King, na ikabomoa sehemu ya mtaa wa Summerhill kujenga uwanja wa michezo.

Miji hiyo ilipoachana njia ni 1971. Mwezi Aprili Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Swann kwamba Charlotte inaweza kulazimishwa kuwasafirisha wanafunzi kwa mabasi kutoka mtaa hadi mtaa, ili weusi na weupe wasome pamoja. Shule za mji na za kaunti ya Mecklenburg zilikuwa zimeunganishwa tangu 1960, kwa hiyo mzazi mweupe aliyehamia pembezoni alijikuta bado yumo katika mfumo uleule. Isitoshe, sheria ya North Carolina iliruhusu mji kujiongezea vitongoji vilivyokua kando yake bila kungoja ridhaa ya wakazi, na Charlotte ikaitumia kwa miongo. Atlanta ilijitanua kwa kiasi kikubwa mara ya mwisho mwaka 1952, ilipochukua kitongoji cha Buckhead. Baada ya hapo aliyetaka kuukimbia mji alivuka tu mpaka. Matokeo yake utayaona katika sensa ya 2020: ndani ya mipaka ya Charlotte wakazi zaidi ya laki nane na nusu, ndani ya Atlanta karibu laki tano, ingawa ukijumlisha vitongoji vyote Atlanta ina watu zaidi ya mara mbili ya mwenzake.

Novemba ya mwaka huohuo wa 1971 Atlanta ilipiga kura kuhusu treni. Shirika la usafiri la MARTA lilikuwa limeundwa kisheria mwaka 1965 kwa kaunti tano, na Cobb ilijitoa mwanzoni kabisa. Kura ya 1968 ilishindwa, miongoni mwa sababu ikiwa wapigakura weusi kuona kwamba njia zilizochorwa haziwajali. Meya Sam Massell akarudi na ahadi mbili: nauli ya basi kushuka kutoka senti 40 hadi 15, na tawi la reli kwenda Perry Homes, nyumba za serikali walikoishi weusi maskini. Alipanda mabasi akigawa vipeperushi. Akapanda hata helikopta na kuwahubiria kwa kipaza sauti madereva waliokwama kwenye foleni. DeKalb ilikubali. Fulton ilikubali kwa tofauti ya kura zisizofika 500. Clayton na Gwinnett, zilizojaa weupe waliokuwa wakiukwepa mji, zilikataa kwa wingi mkubwa.

Treni zilianza Juni 1979, na mwaka 1988 zikafika hadi ndani ya uwanja wa ndege. Ni treni za kweli, nzito na za kasi, zenye vituo 38. Msafiri anayeshuka kwenye ndege Atlanta akipanda treni hufika katikati ya jiji kwa dakika 20 hivi, jambo ambalo Charlotte haijaliweza mpaka leo. Lakini ziliishia kwenye mipaka ileile iliyochorwa na kura. Tawi la Perry Homes nalo halikufika: liliishia Bankhead mwaka 1992, kwenye kituo kilichojengwa kikiwa na jukwaa fupi la kutosha mabehewa mawili, mwaka uleule dhahabu ilipopakwa kileleni mwa mnara.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko wanayajua haya bila kusoma historia. Clarkston iko DeKalb, na moja ya sababu za mashirika kuwapeleka wakimbizi pale, wakiwemo wa Kongo, ni kwamba kuna nyumba za kupanga na basi la MARTA. Marietta, wanakoishi Wakenya wengi, iko Cobb. Huko kuna mabasi machache ya kaunti, treni hakuna, na mgeni huanza maisha kwa kutafuta gari.

Charlotte ilichelewa sana. Tramu zake za umeme, zilizoanza na mtaa wa Dilworth mwaka 1891, zilikufa 1938, na kwa miongo kadhaa ilikuwa na mabasi tu. Mwaka 1998 kaunti ya Mecklenburg ilikubali kodi ya nusu senti kwa kila dola ili kulipia usafiri wa umma, ikiwemo reli. Ni kaunti moja, kura moja. Meya Pat McCrory, wa chama cha Republican, aliitetea reli hiyo wakati wenzake wengi wa chama waliiona ni ufujaji. Wapinzani walilazimisha kura ya kuifuta kodi mapema Novemba 2007. Asilimia 70 wakaibakiza, na siku 18 baadaye reli nyepesi ya Blue Line ikaanza kazi. Ilipitishwa kando ya njia ya zamani ya mizigo, katikati ya maghala na viwanda vya South End, na wajenzi wakaifuata: leo nyumba za kupanga zimesimama karibu bega kwa bega na vituo. Mwaka 2018 reli ilifika chuo kikuu, ikawa na vituo 26.

Novemba 2024 Cobb na Gwinnett ziliulizwa tena kama zinataka kulipia usafiri wa umma, zikakataa tena. Clayton ilikuwa imeshabadili msimamo mwaka 2014, wakazi wake wakiwa sasa wengi weusi, lakini mpaka leo imepata mabasi tu. Mecklenburg nayo ilikubali Novemba 2025 kuongeza kodi ya senti moja, kwa wingi mdogo: asilimia 40 ya fedha kwenda kwenye reli, 40 barabarani, 20 kwenye mabasi. Ramani mpya ina treni ya kwenda uwanja wa ndege. Haina ile ya kwenda Matthews, mji mdogo kusini-mashariki mwa kaunti ulioahidiwa reli kwa miaka mingi, na ambao sasa umeambiwa utaletewa mabasi.